Karani na Majina ya Nyumbani

Sikumpenda Karani, na ni afadhali niseme sasa kabla hamjadhani namsifu kwa kuwa ameshazikwa. Hapa kwetu Kasikeu tuna tabia hiyo: mtu akishafunikwa udongo, hata waliokuwa wakimkwepa sokoni huanza kumkumbuka kwa upole. Mimi nilimkwepa tangu nikiwa msichana wa kubeba maji hadi nikawa mwanamke mwenye kibanda chake cha kuuza ndengu na mbaazi, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na sababu.

Alikozaliwa na aliyemzaa nitayaruka, kwa kuwa hakuna aliyeyajua. Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Huyu alikuwa mtu wa kukutajia babu wa babu yako, na mke mdogo wa babu huyo, na mtoto wa mke huyo aliyehamia Kitui akapotelea huko. Lakini ukimwuliza kwao ni wapi, aliinua kidevu kuelekea kaskazini akasema, "Huko juu," kisha akakuuliza wewe una ndugu wangapi. Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa kanisa letu. Sijawahi kusikia mtu akimwita vinginevyo, hata mkewe.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa koti la kaki hata Januari jua linapotutoa jasho tukiwa tumekaa tu. Suruali yake ya upande wa mnyororo aliibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, na akishuka kwenye baiskeli alisahau kukitoa. Alihudhuria ibada, harusi na mazishi akiwa na kibanio hicho mguuni. Watoto walicheka. Watu wazima hawakucheka, kwa maana mtu mwenye kujua ya nyumbani kwako si wa kuchekwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa ndoa. Vijana wakitaka kufunga ndoa kanisani, kabla ya kufika kwa mchungaji walipitia kwa Karani, awachunguze wasije wakawa wa damu moja. Aliwakalisha kwenye benchi, yeye akakaa kati. Hakuuliza habari za wazee hata kidogo.

"Tuanze na watoto," alisema. "Kwenu mmezaliwa wangapi, na mnaitwa nani nyumbani, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, na wa kwanza wa kike jina la mama ya baba, kisha wanafuata wa upande wa mama. Kwa hiyo ukitajiwa watoto wa nyumba kwa mpangilio, umeshatajiwa wazee wa nyumba hiyo bila mtu kuwataja. Karani alilijua hilo kuliko sisi tuliolifanya kila siku. Mfukoni alikuwa na punje za mahindi na za kunde. Mahindi yalikuwa wanaume, kunde wanawake. Alizipanga kwenye benchi nyumba baada ya nyumba, akazisogeza kwa ukucha, akazitazama, akasogeza tena. Akimaliza alizikusanya zote kwa kiganja, akazirudisha mfukoni na ukoo wako ukaenda nao.

Jambo lingine lililotutia wasiwasi ni kwamba hakuandika. Karani gani haandiki? Katika vitabu vya kanisa aliweka tarehe, jina la ubatizo na jina la baba, basi. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kwa nini asiweke hayo mengine kwenye karatasi ili yasipotee akifa. Karani akamjibu kwamba karatasi inasomwa na kila mtu, hata yule mwenye nia mbaya. Sisi tukaulizana ni nani basi mwenye nia nzuri, kama si yeye peke yake.

Nakumbuka harusi ya mtoto wa mwenye bucha. Jumapili ya tatu ya kutangazwa, wakati mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi na kila mtu anawaza chakula, Karani akasimama. "Hawa hawawezi," alisema. "Nyanya zao walinyonya titi moja." Akakaa. Msichana alitolewa nje akilia hadi sauti ikamwisha. Kabla ya mwaka kuisha kijana yule alioa kwingine, kwa mtu mwenye lori lililokuwa likienda Mwingi kununua mifugo, na lori hilo likaanza kumletea mwenye bucha mbuzi. Soko zima lilijumlisha kwamba Karani alilipwa, na mimi nikajumlisha nao. Ushahidi sikupata, wala sikuutafuta. Nilikuwa nimetosheka na shaka yangu.

Na bado, kulikuwa na wale wawili wa kutoka upande wa barabara kuu, ambao kila mtu aliapa ni ndugu, na mashangazi walikuja kanisani wakiwa wamejifunga leso tayari kwa vita. Karani alizipanga punje zake asubuhi nzima. Kisha akasema hao si ndugu, na anayesema ni ndugu aje amweleze ni kwa nini anataka wawe ndugu. Hakuna aliyekwenda. Baadaye ikajulikana kulikuwa na shamba la miwa katikati ya habari hiyo. Basi ukitaka kumwita mla rushwa, siku hiyo ilikukwamisha, na mimi sikupenda kukwama.

Mazishini alifika wa kwanza, hata ya watu asiowafahamu. Alisimama karibu na anayesoma historia ya marehemu, kichwa kimeinama, midomo ikicheza. Wengine walisema anamwombea maiti. Mama yangu alisema anahesabu warithi.

Na kikombe. Alitembea na kikombe chake cha bati, kimechubuka maua, kimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Ukimkaribisha chai alikifungua akakunyooshea. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Ni kumwambia mtu mbele ya watoto wake kwamba anaweza kukutilia kitu. Wanawake wengi waliudhika, lakini walimimina. Mama yangu hakuudhika. "Afadhali," alisema. "Huyu anatuogopa kama sisi tunavyomwogopa."

Kila mwaka mavuno yakiisha alipotea majuma mazima. Watu wa malori walisema wamemwona Mwingi, kwenye maduka ya barabara ya Garissa, ameketi na vikongwe waliokuja kuuza mbuzi, akiongea nao hadi jua linazama. Alirudi mikono mitupu, amechoka, na kwa siku kadhaa hakuuliza mtu chochote. Tuliamua ana mke mwingine huko. Mkewe wa hapa alipoulizwa na akina mama wenzake alicheka tu, akasema kama yupo basi ni mchoyo, kwa maana hajawahi kumfungia hata kuku.

Sasa niseme sababu yangu.

Jina langu la nyumbani ni Syomiti. Nje niliitwa Rodah, na Karani akionekana kwenye kona ya njia, hata mama akiwa amekasirika kiasi gani, nilikuwa Rodah. Tulifunzwa hivyo kabla ya kufunzwa kusoma. Alikuja kwetu kila baada ya miezi, akaegemeza baiskeli, akakaa kwenye kiti cha marehemu babu bila kuonyeshwa, akatoa kikombe. Aliuliza mvua. Aliuliza mbuzi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:

"Na huyu msichana wako mkubwa, nyumbani mnamwita nani?"

"Rodah," mama alijibu. "Sisi ni watu wa kanisa, hayo ya zamani tuliacha."

"Haya," alisema Karani, akanywa chai yake. Ziara iliyofuata aliuliza tena.

Nilipokuwa darasa la saba nilimwuliza mama kwa nini tunamdanganya mtu wa Mungu. Alinipeleka shambani, tukakaa mahali ambapo tungemwona yeyote anayekuja, ndipo akanieleza habari za nyanya, ambaye tulimwita susu. Susu hakuolewa. Aliletwa. Katika ile njaa kubwa, siku ambazo Malkia wa Wazungu alikuwa bado yule bikizee wa kwenye rupia, watu waliteremka kutoka kaskazini wakitafuta chakula. Baba mmoja alifika kwenye kilima chetu na msichana mdogo. Alimwacha kwa kibuyu cha wimbi, akasema mvua ikinyesha atarudi kumkomboa. Mvua ilinyesha, hakurudi. Waliomchukua walimpa jina lingine, Kalondu, akakua hapo, na kijana wa nyumba hiyo, ambaye ndiye babu yangu, akamfanya mke. Jina lake la kwao alimnong'onezea mama siku nilipozaliwa, akaomba nipewe mimi.

Ubaya ulikuwa kwenye mbuzi. Kwetu kuna mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa kwa watu wa msichana, wakachinjwa na kuliwa hapo kwao. Unaweza kutoa ng'ombe wa kujaza bonde, lakini kama watu wake hawajala ntheo, huyo si mke wako. Ni mgeni aliyekaa sana, na watoto wake ni wa ukoo wa baba yake yeye. Wa susu wangepelekwa wapi, na hakuna aliyejua kwao? Babu alioa tena baadaye, mke huyo akatolewa ntheo wake kama inavyotakiwa, na mwanawe ndiye baba yetu mdogo, aliyekuwa akilima upande wa pili wa kilima na kuukodolea upande wetu macho. Nje tulisema susu alitoka Kilungu na watu wake wote walikufa. Siku ambayo mtu angethibitisha vingine, sisi tungekuwa wageni kwenye shamba alimozikwa baba yetu.

"Huyo mtu haulizi bure," mama alisema. "Kuna kitu anataka. Ukisikia anakuja, wewe ni Rodah."

Hata alipotutendea wema hatukulegea. Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, wakati ng'ombe walikuwa wakianguka njiani, mama alilala mgonjwa na nyumbani hakukuwa na kitu. Karani alileta mfuko wa unga kwenye baiskeli, akauweka mlangoni, akaondoka bila kuuliza lolote. Mama aliinuka kitandani akawapa kuku kwanza. Kuku walikula, wakaendelea na mambo yao, nasi tukasonga ugali. Nilikula nikiwa na hasira, kwa maana ulikuwa mtamu na sikujua nimshukuru au nimlaani.

Alipostaafu alihamia Kiboko, kwa binti yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mimea. Mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi kutoka kwa mume, jambo ambalo si la hapa, na kaka yangu alikuwa Mombasa kwenye reli. Tulibaki mama na mimi. Ile siku mkokoteni wa Karani ulipopita na vitanda, mama aliniita jina langu la nyumbani kutoka mlangoni, kwa sauti ya juu, bila shida yoyote. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kisha wapimaji wa ardhi wakaja. Ilikuwa miaka ya tisini, sehemu yetu ikaandaliwa kwa hati, kila mmoja akaambiwa aonyeshe mipaka yake mbele ya kamati. Baba mdogo hakuonyesha mpaka. Alionyesha kilima chote. Alisema nyumba ya babu ni moja, ya mama yake, na kwamba sisi ni watoto wa mwanamke aliyeokotwa. Kamati ikamwambia alete mtu wa kuthibitisha. Akapanda basi akaenda Kiboko.

Siku ya kikao walitukalisha kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Nilimwona Karani akiingia ameshikwa mkono na baba mdogo. Alikuwa amezeeka ghafla, anatembea kwa fimbo, lakini koti ni lile lile. Mama aliniminya paja. Nilijisikia vibaya kuliko siku tuliyomzika baba. Nilifikiri, miaka yote ile ya Rodah imekwenda bure.

Baba mdogo alisema yake kwa ufupi, kama mtu anayejua ameshinda. "Waheshimiwa, mimi sitaki maneno mengi. Huyu ndiye anajua watu wa hapa wote. Mwulizeni, yule mama Kalondu alikuwa mtu wa wapi."

Mwenyekiti alimwuliza. Karani hakukaa. Alitoa punje mfukoni, akazitazama kwenye kiganja, akazirudisha bila kuzipanga.

"Hakuwa Kalondu," alisema. "Alikuwa anaitwa Syomiti. Kwao ni Mwingi. Aliachwa hapa mwaka wa njaa, kwa chakula. Mimi ni mtu wa huko. Huyo mama ni dada ya babu yangu, na babu yangu alikufa akiwa bado anamtafuta. Mimi nilikuja huku kumtafuta yeye."

 Baba mdogo alitabasamu, kwa maana hayo ndiyo aliyoyataka. Mama yangu alikuwa ameinamisha uso kwenye dawati.

"Umemsikia, mwenyekiti," baba mdogo alisema. "Aliachwa kwa chakula. Sasa muulize ntheo."

"Karani," mwenyekiti akasema, "wewe ndiye mwenye msichana. Mbuzi za ntheo, mlikula ama hamkukula?"

Karani alihamisha fimbo mkono mwingine. Ninyi hamkumjua, kwa hiyo ni lazima niwaambie: mtu huyu alivunja harusi mbele ya kanisa zima kwa sababu ya titi moja. Katika maisha yangu yote ya kumshuku sikuwahi kumshuku kwa uongo wa ukoo.

"Tulikula," alisema.

"Nani alizipeleka?" baba mdogo aliuliza, ameshasimama.

"Baba yako. Alikuja nazo kwa miguu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nilipewa kipande cha ini, nikaungua ulimi."

Babu yangu hajawahi kufika Mwingi. Sisi tulijua, baba mdogo alijua, na nadhani hata mwenyekiti alikisia. Baba mdogo alisema huo ni uongo, akasema tena kwa Kikamba, akasema huyu mzee amepewa kitu. Mwenyekiti alimwacha aishiwe na pumzi. Kisha akasema, "Kama wenye msichana wamesema wamekula, mimi ni nani niseme hawakukula?" Akamwambia mpimaji aandike nyumba mbili.

Nilimfuata Karani nje. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa akingoja basi la kurudi, na mimi, badala ya kumshukuru, nilisimama mbele yake kama polisi.

"Ulijua lini?" nilimwuliza.

"Ukiwa mdogo hivi. Ulikuwa unafukuza ndege kwa mtama, mama yako akasahau akakuita na hilo jina. Mimi nilikuwa hapo kwa kiti, nakunywa chai."

"Na bado ukaendelea kuuliza miaka hiyo yote?"

"Ningeacha kuuliza, mama yako angejua nimejua." Alijifuta jicho kwa mkono wa koti. "Na ningesema, huyu baba yenu mdogo angewatoa. Nikaona wacha tu nikuwe nakuja. Hata kama mko na wasiwasi na mimi, ni kwetu."

Ningeweza kulia hapo, lakini nimelelewa na mama yangu. Nikamwuliza sasa anataka nini.

Alinitazama kwa ukali, ule ukali wa benchi la kanisa. "Mbuzi," alisema. "Nimesimama mbele ya watu nikasema tulikula. Mimi si mtu wa uongo. Lete, tule, ikuwe kweli. Na usikawie, mimi ni mzee. Nikifa kabla, nimekufa mwongo, na ni nyinyi mmeniua hivyo."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye kile kiti cha babu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya kufukuza ndege. Hapo alifunika mdomo. Nilipofika kwenye habari ya mbuzi aliufunua.

"Si nilikuambia huyo mtu anataka kitu?" alisema.

Akainuka, akachukua fimbo, akaenda zizini. Nilimwonyesha yule jike mzee anayechechemea, ambaye tungemuuza tu. Akakataa. Nikamwonyesha mwingine. Akamshika mgongo, akasema huyu ni mifupa, watu wa kwao watamwangalia waseme susu tulimchukua bure. Alizunguka zizi lote hadi akatoa walio bora, pamoja na yule beberu mwekundu aliyekuwa amekataa kumuuza kwa mfanyabiashara yeyote, akamfunga yeye mwenyewe kamba ya shingo huku machozi yakimtoka na asijishughulishe kuyafuta.

"Mpigie kaka yako simu aje kutoka Mombasa," alisema. "Avae vizuri. Mwambie tunaenda kuoa susu."